Mkono wa Juu, Gurudumu la Kulia

Juu ya meza ya mhadhara huu imewekwa mikono miwili ya chuma. Kwa jicho la haraka ni pacha: kila mmoja ni mabomba mawili yanayokutana nchani kama herufi A iliyolazwa, kikombe cha boljointi pale yanapokutana, na bushi mbili upande wa pili. Ukiulaza mmoja juu ya mwenzake ndipo unagundua kwamba mmoja umezidi kwa upana wa kidole. Fundi hakukosea kipimo. Mfupi ni wa kulia, mrefu ni wa kushoto, na gari litakaloivaa lina kazi moja tu maishani: kukata kona za kushoto juu ya udongo, mzunguko baada ya mzunguko, hadi bendera ya miraba ipepee.

Gereji nyingi za Nairobi na Dar es Salaam hukiita kitu hiki wishboni. Wengine husema kontroli amu, au amu tu. Mhadhara utasema mkono. Jina linafaa, maana una bega linalozunguka kwenye chesisi na kiganja kinachoshika gurudumu. Kilichokosekana ni kiwiko, na heri kikosekane: siku mkono wa gari utakapoota kiwiko, mashindano yamekwisha.

Mchezo wenyewe ni wa Marekani. Nchi hiyo imejaa viwanja vya udongo vya umbo la yai, vingi vikiwa na mzunguko wa robo maili hadi nusu maili, yaani mita 400 hadi 800 hivi. Kati ya vilivyo maarufu zaidi ni Eldora, kule Rossburg katika jimbo la Ohio, uwanja wa nusu maili uliojengwa na Earl Baltes mwaka 1954 na kununuliwa na dereva Tony Stewart mwaka 2004. Mbio zake za World 100 zimekuwapo tangu 1971. Lakini mchezo huu hauishi kwa majina makubwa. Unaishi kwenye viwanja vya vijijini, ambako jioni ya Ijumaa au Jumamosi fundi wa matrekta, mwalimu na muuza mbao wanashusha magari yao kutoka kwenye trela, kila mmoja na sanduku lake la spana.

Katika madaraja ya chini, magari hayo ni sedani za zamani zilizong'olewa viti na vioo na kufungwa fremu ya mabomba ya kumlinda dereva. Chevrolet Malibu na Monte Carlo, Oldsmobile Cutlass, Buick Regal: sedani za General Motors za kati ya 1978 na 1988, zilizokaa juu ya chesisi ya aina moja, inchi 108 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Wachezaji huiita chesisi ya metriki. Mkono wa juu wa kiwandani ulikuwa bati lililokandamizwa kwa prezi. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, ulitosha. Kanuni za viwanja vingi zinataka mkono wa chini ubaki ule ule wa kiwandani, ila zinaruhusu wa juu utengenezwe upya kwa bomba. Ndiyo maana mezani hapa ipo mikono ya juu tu.

Na udongo? Kabla ya mbio lori la maji hupita na kuunywesha mpaka unanata kama wa mfinyanzi. Saa tatu baadaye, matairi yakishaukanyaga na kuukausha, unang'aa na kuteleza kama sakafu iliyomwagwa unga. Gari ni lile lile, mikono ni ile ile. Fundi anayejua kazi yake hutengeneza mkono wa kufaa nyakati zote mbili, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Gurudumu la mbele halishikwi na kitu kimoja. Chuma kinachobeba beringi na habu, ambacho mafundi hukiita stabu, kimeshikwa juu na mkono mmoja, chini na mkono wa pili, na pembeni na tairodi inayotoka kwenye usukani. Kila mkono unazunguka kwenye bega lake na kuchora tao hewani. Umbo la matao hayo mawili, linapolinganishwa, ndilo linaloamua gurudumu litasimama vipi kila springi inapobonyea. Mlalo huo wa gurudumu, kichwa kikiingia ndani au kutoka nje, huitwa kemba (tafadhali isisomwe kamba). Kichwa kikiinamia ndani ya gari, kemba ni hasi. Kikiinamia nje, ni chanya.

Gari likikata kona ya kushoto, mwili wake hulalia kulia. Tuseme umelala digrii 3. Kama mikono miwili ya upande wa kulia ni sawa kwa urefu na iko sambamba, gurudumu nalo litalala digrii 3 kuelekea nje, na tairi litakanyaga kwa bega badala ya uso. Mpira uliolipiwa wote, unaofanya kazi ni theluthi. Kwa hiyo mkono wa juu unapaswa kuvuta kichwa cha gurudumu ndani kadiri springi inavyobonyea, ili kurudisha kile ambacho mwili wa gari umekichukua.

Wengi hudhani jawabu ni kufupisha mkono. Ubao na utoe ushahidi. Chukua mkono wa juu wa milimita 230, wa chini wa milimita 400, na stabu ambayo boljointi zake mbili zimeachana kwa milimita 230. Mikono yote ikianza mlalo, gurudumu likipanda milimita 50, ncha ya mkono wa juu inavutwa ndani milimita 5.5 na ya chini milimita 3.1. Tofauti ya milimita 2.4 inalaza gurudumu kwa digrii 0.6 tu. Ni kidogo mno kwa gari linalohitaji digrii 3. Sasa usiguse urefu. Inua ncha ya nje ya mkono wa juu mpaka mkono uwe na mwinuko wa digrii 15 kutoka begani kwenda kwenye boljointi. Kupanda kule kule kwa milimita 50 kunaivuta ncha ndani karibu milimita 20, na gurudumu linalala zaidi ya digrii 4. Mkono ni ule ule, bomba ni lile lile. Pembe imefanya kazi ambayo kufupisha kusingeweza kuifanya hata kwa msumeno wa siku nzima.

Hapo ndipo sedani hizi za General Motors zilipokuwa na kasoro ya kuzaliwa. Stabu yake ni fupi, kwa hiyo mkono wa juu wa kiwandani umeinamia nje: bega liko juu, kiganja kiko chini. Springi inapobonyea, tao lake kwanza linasukuma kichwa cha gurudumu nje, kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Tiba zinajulikana: boljointi yenye pini ndefu zaidi, inayoinua kiganja, au kushusha mashikio ya bega kwenye chesisi pale kanuni zinaporuhusu. Anayenunua mkono mzuri wa bomba na kuufunga kwenye pembe ile ile ya zamani amenunua rangi na uzito pungufu. Kona hazitajua kama kuna kilichobadilika.

Urefu una kazi yake lakini: ndio unaopanga kemba gari likiwa limesimama. Kwenye stabu ile ya milimita 230, kila milimita 4 za urefu wa mkono wa juu ni digrii 1 ya kemba. Gari la udongo huanzia na digrii 3 au 4 hasi upande wa kulia, na digrii chache chanya upande wa kushoto, hivi kwamba magurudumu yote mawili ya mbele yanaegemea upande mmoja, kushoto, kama walevi wawili wanaosaidiana kurudi nyumbani. Kama mashikio ya chesisi hayajahamishwa, kulia kutahitaji mkono mfupi na kushoto mkono mrefu. Ule upana wa kidole mezani umepata maelezo.

Kuna tofauti nyingine kwenye mikono hii ambayo haionekani mpaka uielekeze dirishani. Ncha ya A haiko katikati ya bushi mbili; imesogea nyuma, na wa kulia umesogea zaidi. Kusogea huko kunalipa gari kasta, yaani kichwa cha stabu kulalia nyuma kama uma wa baiskeli. Kasta ikizidi upande wa kulia, gari hujivuta kushoto lenyewe. Dereva wa barabarani angelirudisha gari kama hilo gereji kwa hasira. Dereva wa uwanjani analipia apewe.

Sasa nguvu. Tuchukue gari la pauni 3,200, kilo 1,450 hivi, na tuseme tairi la mbele kulia limebeba kilo 500 kati yake katikati ya kona. Udongo wenye mshiko wa kadiri unalisukuma tairi hilo kuelekea ndani kwa nguvu ya kilo 350. Boljointi ya chini ikiwa milimita 200 kutoka ardhini na ya juu milimita 430, hesabu ya mizani inatoa majibu haya: mkono wa chini unasukumwa kwa takribani kilo 650, na wa juu unavutwa kwa kilo 300. Uzito wa wima na breki vimeachwa kando, lakini picha ni ya kweli. Mkono wa chini ndiye hamali. Wa juu kazi yake kwenye kona ni kuvutwa, na bomba la chuma likivutwa halina shida. Hata jembamba lingestahimili.

Tatizo ni ukuta.

Gari la udongo huingia kona likiwa limekaa upande, nyuma imetoka nje, magurudumu ya mbele yamegeuzwa kulia ilhali gari lenyewe linaelekea kushoto. Kosa dogo, au msukumo wa jirani, linatosha kuipeleka tairi ya kulia kwenye zege. Ukuta hauigusi tairi ardhini kama kona inavyofanya. Huipiga karibu na kitovu chake. Mikono yote miwili inasukumwa ndani kwa mpigo mmoja, na ule wa juu, uliozoea kuvutwa jioni nzima, sasa unabanwa kutoka ncha hadi ncha. Bomba linalobanwa halikatiki; linapinda katikati na kukunjika. Kwa hiyo ukubwa wa bomba hauchaguliwi kwa ajili ya kona elfu moja bali kwa ajili ya pigo moja.

Hapo mafundi hubishana. Mmoja atachukua bomba la inchi 1 lenye ukuta wa inchi 0.120. Mwingine atachukua la inchi 1.25 lenye ukuta wa inchi 0.095. Kwa mizani la pili limezidi uzito kwa asilimia 4 tu, lakini ugumu wake wa kupinda umezidi kwa asilimia 77, kwa sababu chuma kilichokaa mbali na kitovu cha bomba husaidia zaidi kuliko kilichokaa karibu. Kwenye karatasi ubishi umekwisha. Uwanjani haujaisha: ukuta mwembamba hubonyea kirahisi ukigongwa na jiwe au na rimu ya mwenzako, na bomba lenye kibonyo limeshaonyesha mahali litakapokunjika. Maoni ya mhadhiri, kwa kuwa ameyaulizwa mara nyingi, ni kuchukua bomba nene kwa kipenyo na kulikagua kila wiki, badala ya kuchukua jembamba na kuliamini.

Kuhusu chromoly, chuma cha 4130 chenye takribani asilimia 1 ya kromu na 0.2 ya molibdeni, yamesemwa mengi kuliko kinavyostahili. Ni chuma kizuri. Kikiwa na kipimo kile kile cha bomba, kitakubali mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja. Lakini ugumu wake, ule unaopimwa kwa kiasi gani bomba linanyumbuka chini ya mzigo, ni sawa na wa chuma laini cha kawaida. Aloi haibadilishi jambo hilo. Anayekinunua ili mkono usinyumbuke amelipa bure. Anayekinunua ili apunguze ukuta wa bomba na kuokoa uzito amejua anachonunua. Bomba la maji halimo kwenye mjadala. Lina mshono usiotengenezwa kwa kazi hii, na likiwa limepakwa zinki, moshi wake kwenye moto ni sumu na mshono wako utajaa matundu kama mkate.

Mtengenezaji mzuri ana swali moja la ziada: baada ya pigo, nini kife kwanza? Mkono ukiwa na nguvu kupita mashikio yake, pigo litapita mkononi salama na kung'oa chuma cha chesisi. Mkono ni saa moja ya kazi. Chesisi ni wiki. Kwa hiyo wa juu huachwa uwe dhaifu kuliko bega lake, kwa makusudi, kama fyuzi kwenye nyaya za nyumba, na wa akiba hukaa kwenye trela umeshapakwa rangi.

Msikilizaji wa Kenya atakuwa ameanza kutikisa kichwa, na ana haki. Kwa aliyekulia na Safari Rally, mkono unaokubali kupinda ni kichekesho. Safari ilianza mwaka 1953 kama Coronation Safari, na tangu mwanzo adui hakuwa ukuta wa zege umbali wa mita 300 kutoka kwenye trela, bali jiwe lililofichwa kwenye vumbi, kilomita nyingi kutoka kwa fundi. Vic Preston na D. P. Marwaha waliposhinda mwaka 1954, Volkswagen yao haikuwa na mikono ya umbo la A mbele hata kidogo: ilikuwa na mikono mifupi inayoburutwa nyuma ya mabomba mawili yaliyopita upande hadi upande, springi zake zikiwa vyuma vya kujisokota ndani ya mabomba hayo. Kitu kidogo, kimejificha, hakina cha kukamatwa na jiwe. Baadaye zikaja Ford Escort na Datsun 240Z, ambazo mbele yake hakuna mkono wa juu kabisa. Mtindo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson uliuondoa na kuweka shokapu ndefu inayosimamisha gurudumu yenyewe. Mkono wa chini tu ndio uliobaki, na timu zikaushonea mabati ya ziada mpaka ukawa kama sanduku.

Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 pamoja na nduguye Jaswant, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano, na aliwahi kuzunguka barabarani akiwakwamua wenye magari kwa niaba ya chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Mtu wa namna hiyo anajua mkono unavunjika wapi kwa sababu amewahi kuufunga kwa waya.

Na hata leo Safari, huko Naivasha, haijabadilisha tabia. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021, dereva Thierry Neuville aliamka Jumapili akiwa kinara, na shokapu ya nyuma kulia ikamsaliti. Ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Gari la rali lina deni la kufika nyumbani. Gari la uwanja wa udongo lina deni la kurudi uwanjani kabla ya mbio inayofuata. Ni madeni mawili tofauti, na kila moja linazaa mkono wake.

Turudi gereji. Kabla cheche ya kwanza haijaruka, kuna jigi: bamba la chuma nene, lililonyooka kweli, lenye nguzo tatu zilizofungwa kwa bolti. Nguzo mbili zinashika bushi, ya tatu inashika kikombe cha boljointi. Nguzo ya tatu ndiyo siri ya biashara yote, maana husogezwa kwa urefu, huhamishwa nyuma kwa ajili ya kasta, na huinamishwa. Kuinamisha huko wanaoanza husahau. Boljointi ina kikomo cha kuzunguka. Mkono ukipandishwa digrii 15 na kikombe kikaachwa mlalo, pini itagonga ukingo wa kikombe springi itakapobonyea sana, na kitu kinachogonga huku kimebeba gari hukatika. Kikombe kiinamishwe ili pini isimame katikati ya nafasi yake gari likiwa kwenye kimo chake cha mbio.

Ncha za bomba huchongwa kwa mviringo mpaka zikumbatie kikombe. Tupa ya nusu duara inatosha kwa mwenye subira. Kipimo cha kienyeji ni karatasi ya daftari: ikipita kwenye mwanya, rudi kwenye tupa. Kisha bomba husuguliwa ndani na nje mpaka ile ngozi nyeusi ya kiwandani itoke na chuma king'ae, hufutwa mafuta, na baada ya hapo haliguswi tena kwa mkono mtupu.

Uchomeleaji huanza kwa nukta nne, moja kila upande, kisha kusimama na kupima. Sababu ni kwamba chuma hunywea kinapopoa, na mshono ulioanza kupoa huvuta bomba upande wake kama kamba ya hema. Mchomeleaji anayezunguka bomba mara moja, toka mwanzo hadi mwisho kwa sababu mkono wake umepata mwendo, atafungua jigi na kukuta ncha imehama milimita 2. Nusu digrii ya kemba imeondoka, na haitarudi kwa kusali. Kwa hiyo anachoma robo moja, anahamia robo ya upande wa pili, anarudi. Kwa chromoly wengi hutumia uchomeleaji wa TIG na waya wa ER70S-2, ambao ni laini kuliko bomba lenyewe na hustahimili kunyumbuka bila kupasuka. Kisha hakuna maji, hakuna upepo wa kompresa. Chromoly iliyopozwa ghafla hukakamaa kando ya mshono na kuwa kama kioo. Mkono unaachwa umefungwa kwenye jigi mpaka upoe wenyewe, na huo ndio muda wa kunywa chai.

Upande wa bega, wengine hubadilisha bushi za mpira na kuweka bushi za chuma, ili mkono uzunguke bila kutafunana. Wengine huweka rodi endi, ile tufe yenye tundu iliyokaa ndani ya jicho la chuma, ambayo Wamarekani huiita heim na Waingereza rose, yote mawili majina ya watengenezaji. Ni kitu kizuri kwa marekebisho: unakizungusha, mkono unarefuka. Lakini kimetengenezwa kuvutwa na kusukumwa, kamwe si kupindwa. Carroll Smith, mhandisi aliyeandika vitabu vya magari ya mashindano kuanzia Prepare to Win cha mwaka 1975, alilipigia kelele kosa la kuweka rodi endi mahali inapopindwa, na bado linaonekana kila msimu. Shingo ya skrubu hukatika kwenye jino la kwanza linalotoka nje ya nati, karibu kila mara.

Kufunga kuna utaratibu ambao wavivu huuruka. Springi hutolewa kabisa. Chesisi hukaa kwenye stendi kwa kimo kile kile ambacho gari litakimbia nacho, ikipimwa kwa pimamaji. Pini ya boljointi, iliyochongwa kama koni, hupakwa mstari wa kalamu ya wino na kuingizwa kwenye tundu la stabu kwa kuzungushwa kidogo. Wino ukifutika juu tu au chini tu, koni hizo mbili si za ukoo mmoja, maana watengenezaji wa magari hawakukubaliana kuhusu mteremko wake. Pini kama hiyo itakaza vizuri leo na kucheza wiki ijayo. Ikikubali, nati ya taji inakazwa na pini ya kufungia inapita kwenye tundu lake, sio msumari.

Kisha gurudumu linapandishwa kwa jeki, milimita 25 kwa milimita 25, na kila hatua kemba inaandikwa kwenye daftari. Pia inaandikwa kama tairi limegeuka lenyewe kushoto au kulia bila usukani kuguswa, kwa sababu tairodi nayo inachora tao lake na tao hilo lisipoafikiana na la mikono, gari litajipiga usukani kwenye kila shimo. Huku na huku usukani unageuzwa hadi mwisho: mkono haugusi rimu? Haugusi shokapu? Bomba la breki halijavutika? Dakika arobaini za kazi hii zinachosha, na hakuna anayezipiga picha.

Usiku wa mbio, pigo likitokea kwenye mbio za awali, fundi ana muda mfupi kabla ya fainali. Pini ya kufungia inatoka, nati inalegezwa lakini haiondolewi, na nyundo mbili zinagonga stabu kwa pamoja kutoka pande mbili, mpaka koni iachie kwa mlio mkavu. Mkono wa akiba unaingia. Kwenye bega, kati ya mhimili wake na shikio la chesisi, vinarudi vile vibati vyembamba vya kurekebishia, idadi iliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mkono wenyewe: mbele 3, nyuma 1. Watu wawili wanashika futi, mmoja mbele ya matairi mmoja nyuma, na kusomeana namba kwa sauti juu ya kelele za injini.

Mkono uliopinda unarudi nyumbani sakafuni mwa trela, na Jumatatu unawekwa tena kwenye jigi. Bushi zinaingia kwenye nguzo zake bila ubishi. Ncha inaishia milimita 11 kabla ya nguzo ya tatu. Fundi anapulizia mishono rangi nyekundu ya kutafuta nyufa, anasubiri, anaifuta, anapuliza unga mweupe juu yake na kuinama na tochi. Hakuna mstari mwekundu unaojitokeza. Bomba la mbele limekunjika katikati, mbali na moto wa mshono, na mashikio ya chesisi, aliyoyapima asubuhi, hayajasogea. Anakata bomba hilo kwa msumeno, anabakiza kikombe na bushi, na kuanza kuchonga jingine.